Karai la Kusukutua

Pale kwenye kiwanda cha vigae hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Mama Tanuri, na jina hilo lilimkaa kuliko lile alilopewa na baba yake. Alikuwa mpana wa mabega, mkavu wa maneno, nyusi zake zimeunguzwa na moto mpaka zimekata tamaa ya kuota. Ndiye aliyekuwa mkubwa wa wachochea moto. Tanuri lenyewe lilikuwa refu kama banda la magari, lina midomo minne ubavuni, na chakula chake kilikuwa maranda, yale mabaki ya mbao anayoyaacha seremala. Vigae vinaingia vya kijivu, vinatoka vyekundu, vinapakiwa kwenye makontena, vinavuka maji kwenda kuezeka nyumba za watu asiowajua. Ukimwambia kwamba tanuri ni matofali tu yaliyopangwa, anakujibu: "Na wewe ni nyama tu iliyopangwa, mbona unapata homa?"

Moto hakuuogopa. Alichokiogopa ni mkono wa askari begani kwa mtu wake. Mumewe alichukuliwa zamani kwa wizi wa mtu mwingine, akakaa ndani mpaka mwizi mwenyewe alipopatikana, na walipomrudisha, walirudisha kivuli. Kikohozi kikamalizia kazi. Tangu hapo Mama Tanuri akiona kofia ya askari barabarani hubadili njia, hata kama njia ya pili ina matope ya magotini. Watu walimcheka. Wacha wacheke, aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Sasa huyu mama alikuwa na kitindamimba wake, kijana mrefu, mpole mpaka upole wenyewe unakera. Alimwombea kazi pale pale kiwandani, akawekwa mtunza ghala la maranda. Funguo kiunoni, malori yakija anayapokea, wachochea moto wakitaka maranda anawafungulia. Mama mtu alikuwa akimwona kwa mbali anafunga lile kufuli kubwa, moyo unatulia. Alisema kimoyomoyo: huyu wangu amefika salama.

Hakuwa amefika.

Mambo yalianza na ile waliyoiita karatasi ya moshi. Jina lake la ofisini lilikuwa tamko la mazingira, lakini neno refu halikai kinywani mwa mtu anayefanya kazi kwenye joto. Tajiri, ndivyo wote walivyomwita mwenye kiwanda, aliwakusanya uani akawaeleza.

"Wanunuzi wa ng'ambo siku hizi hawanunui kigae peke yake. Wanataka kujua kigae kimekula nini mpaka kikawa kigae. Udongo kiasi gani, maji kiasi gani, maranda kiasi gani, moshi kiasi gani umepanda juu. Yote yaandikwe kwenye tamko, na wakaguzi waje wahakikishe. Bila tamko, kontena halipokelewi."

Akadakia mchochea moto mmoja, mtu mfupi mwenye sauti ya tarumbeta, aliyepewa jina la Domokaya kwa sababu siri kwake hailali hata saa moja. "Tajiri, hao watu huko kwao wanaezeka kwa vigae au kwa moshi?"

Watu wakaangua kicheko.

"Cheka," Tajiri akamwambia. "Jirani yetu wa matofali naye alicheka hivyo hivyo. Leo ndani ya tanuri lake wanalala popo."

Kicheko kikakatika kama kamba mbovu.

Kwa kuwa wachochea moto wengi hawakuwa watu wa kalamu, kila mdomo wa tanuri uliwekewa kopo tupu la rangi na rundo la kokoto. Ukitupia motoni karai moja la maranda, unatia kokoto moja koponi. Zamu ikiisha karani anakuja kuhesabu. Kutokana na kokoto hizo tamko likaandikwa, likakubaliwa kwa muda, na makontena ya kwanza yakashuka bandarini kungoja meli. Likabaki jambo moja, mkaguzi aje aone kwa macho yake kama yaliyosemwa ndiyo yanayofanyika.

Mkaguzi alipokuja, alikuwa binti. Mrefu, miwani, buti za mpira, hana makuu. Hakukaa ofisini kunywa soda. Alipima karai kwenye mzani, tupu na lililojaa. Alisimama getini malori yalipoingia. Aliingia ghalani akapima lundo kwa kamba, akatoka amejaa vumbi la mbao kichwani kama mtu aliyezeeka ghafla. Wachochea moto wakampenda kwa hilo. Domokaya akasema, "Huyu akikosa mume aje kwangu, nina mtoto wa kaka yangu mvivu, amchape."

Halafu mchana mmoja kengele ikalia si wakati wake, wote wakaitwa uani.

Tajiri alikuwa amesimama juu ya ngazi ya ofisi, uso umemsinyaa. Mkaguzi alikuwa pembeni yake, ameshika miwani mkononi, anaonekana hapendi yanayokuja.

"Maranda yaliyoingia ni mengi," Tajiri akasema. "Maranda yaliyoungua, kwa hesabu ya kokoto zenu wenyewe, ni machache. Ghalani hayamo. Sasa nauliza, hayo mengine yamekwenda wapi? Mtunza ghala, njoo hapa mbele."

Mama Tanuri alimwona mwanawe akipita katikati ya watu, funguo zikilia kiunoni mwake chakari-chakari.

"Ufunguo wa ghala unao nani?"

"Ninao mimi, Tajiri."

"Kuna mwingine?"

"Hakuna."

"Nimeambiwa kila siku ya mapumziko unaonekana kwa yule mfuga kuku wa ng'ambo ya reli. Unafuata nini huko?"

Kijana akainamisha kichwa. Masikio yakamwiva. "Tajiri, naenda kwa binti yake."

Watu wakacheka kidogo, kwa huruma. Hata Mama Tanuri, pamoja na hofu yake, alishangaa. Binti gani tena huyo? Mbona yeye mama hajui?

Lakini Tajiri hakucheka. "Sawa. Na kuku wa baba yake wanalalia nini?"

Kijana akashika funguo zake zisilie.

"Si nakuuliza? Wanalalia nini?"

"Maranda, Tajiri."

Hapo hata waliokuwa wakikohoa wakaacha. Mwanawe alijitahidi, alisema yule mzee ananunua maranda yake kwa maseremala wa mjini, waulizwe. Nani amsikilize? Tajiri alinyoosha mkono, akapewa funguo. Akasema maneno ambayo Mama Tanuri aliyasikia kama yanatoka ndani ya kisima: kesho adhuhuri maranda yasipojulikana yalipo, askari watakuja.

Jioni ile chumbani kwao hakukulika. Kilikuwa chumba kimoja kimegawanywa kwa pazia, upande huu kitanda cha mama, upande ule godoro la kijana, katikati jiko na ndoo ya maji. Mama Tanuri alikaa kwenye kigoda, mikono mapajani. Alimtazama mwanawe anavyovua viatu polepole, na akawaza jambo ambalo mzazi hapendi kuliwaza. Mchumba. Vijana wakitaka kuoa hufanya mengi. Lori moja likipotea njia, nani ajue? Wazo likija mara moja unalifukuza kama nzi. Likirudi, linaketi.

"Mwanangu."

"Naam, mama."

"Umeiba?"

Kijana alisimama na kiatu kimoja mkononi. "Mama!"

"Usiniite mama kwa sauti hiyo. Sema kweli nijue pa kuanzia. Kama umeiba nitakwenda kwa yule mfuga kuku nikamwage kuku wake wote barabarani, nizoe maranda kwa mikono yangu, nirudishe. Lakini niambie."

Kijana alikwenda upande wake, akavuta pazia. Mama Tanuri akabaki anatazama kile kitambaa chenye maua yaliyofifia, hajui kama kile kimya ni cha mwizi au cha mtu aliyechomwa moyo. Kila pikipiki iliyopita nje ilimsimamisha nywele. Aliwaona mbele ya macho yake wale walewale waliomchukua mumewe, kana kwamba hawajazeeka hata siku moja, wanainamisha vichwa kupita mlangoni. Usingizi ulimkataa.

Asubuhi alikwenda kazini mapema, maana hakuwa na pa kwenda pengine. Mtu mwenye hofu akikaa bure anajila mwenyewe. Alivaa glavu zake ngumu, akafungua mdomo wa kwanza, akakomba majivu kwa ule mchokoo mrefu. Akachota karai la maranda, akalitupia ndani. Likawaka fuu! Akachota la pili, akalitupia, akavua glavu moja, akaokota kokoto, akaitia koponi.

Mkono ukabaki juu ya kopo.

Kokoto moja. Makarai mawili.

Alitazama lile kopo kama mtu aliyeona uso dirishani. Maana lile la kwanza halikuwa karai, si hivyo? Lile lilikuwa la kusukutua.

Hapa lazima mtu aeleweshwe. Marehemu mzee aliyemfundisha kazi ya moto alikuwa na kanuni yake. Mdomo wa tanuri ukishakombwa majivu unapoa. Karai la kwanza halipiki kigae, linawaka bure na kuondoka na moshi, kazi yake ni kuamsha kinywa tu. Ndiyo maana halihesabiwi. "Mtu akisukutua asubuhi," mzee alikuwa akisema, "utasema amekunywa chai?" Mama Tanuri alilishika neno hilo kama amri. Akaja kuwa mkubwa wa moto, akawafundisha wengine, na aliyekosea alimchapa kofi la mgongo. Ziliposhuka kokoto na makopo, hakuna aliyeuliza kama la kusukutua litiwe kokoto. Litiwe ya nini? Si karai. Ni kama kumuuliza mtu amekula mara ngapi ukahesabu na miayo.

Midomo minne. Majivu yanakombwa tena na tena, zamu baada ya zamu. Kila yakikombwa, karai moja linaingia motoni halina shahidi. Maranda yale hayakwenda kwa kuku. Yalipanda juu kwa bomba, na aliyeyapandisha ni yeye.

Ungedhani angefurahi. Hakufurahi, alishikwa na woga mpya juu ya ule wa zamani. Ikiwa karai la kusukutua ni maranda, basi tamko lote ni la uongo. Moshi ulioandikwa si moshi uliotoka. Makontena yako bandarini na uongo umebandikwa ubavuni. Tajiri atamfanya nini? Wenzake, watu na wake zao na watoto wao, watamfanya nini? Alishika ukuta wa tanuri kwa mkono usio na glavu, akaungua, hakuhisi.

Akamvuta Domokaya nyuma ya rundo la vigae vilivyopasuka, akamweleza. Domokaya, ambaye maisha yake yote hakukosa neno, alinyamaza mpaka Mama Tanuri akaogopa zaidi.

"Dada," akasema mwishowe, kwa sauti ndogo. "Funga hiyo kinywani mwako. Meza."

"Na mwanangu?"

"Mwanao kijana. Atakaa ndani kidogo, watakosa ushahidi, atatoka. Lakini makontena yakirudi, hapa panafungwa. Mimi nina watoto wanaokula kama moto. Utawapa nini? Utawapa vigae watafune?"

"Mume wangu naye alikaa kidogo."

"Dada, nakuomba."

"Uliona alivyotoka?"

Domokaya akatazama chini. Halafu uso wake ukageuka, ukawa mgumu. "Ukienda ofisini kusema hayo, mimi nitasema sijawahi kuyasikia. Na wote watasema hivyo. Nitahakikisha. Tutaona wataamini nani, watu wote wa tanuri au mama wa mwizi."

Lile neno la mwisho alijuta kulisema, ilionekana. Lakini maji yakimwagika hayazoleki.

Mama Tanuri alipanda ngazi ya ofisi huku akishika ukuta. Alikuwa hajawahi kuingia mle bila kuitwa. Tajiri na mkaguzi walikuwa mezani. Alisema yote wima, hakukaa, maana alijua akikaa hatainuka. Alisema la kusukutua, alisema marehemu mzee, alisema ni yeye aliyefundisha. Maneno yalimnatanata kama udongo.

Tajiri alicheka bila furaha. "Kusukutua! Mama, nimeishi na wewe hapa miaka, leo tanuri limeota meno? Hata kuku humfunika mtoto wake kwa bawa. Nakuelewa. Lakini usinifanye mjinga."

"Tajiri, naapa."

"Waite wenzako basi."

Waliitwa. Wakasimama mstari, kofia mikononi. Hakuna aliyejua karai la kusukutua. Hata yule mama mwenzake wa mdomo wa tatu, shoga yake wa kuchangia chumvi, alitazama dari akasema yeye hutia kokoto kila karai. Mama Tanuri aliwatazama mmoja mmoja, na hakuwachukia. Aliogopa tu. Aliona jinsi mtu anavyoweza kuzama huku watu aliokula nao wamesimama ukingoni.

Mkaguzi akavaa miwani yake. "Mimi sina haja ya kuamini mtu," akasema. "Nataka kuona. Twendeni kwenye tanuri. Nitasimama pale mpaka nitosheke."

"Na huyu?" Tajiri akamnyooshea kidole Mama Tanuri.

"Mama atakaa mbali. Asiguse kitu, asiseme kitu."

Wakamkalisha juu ya kreti lililopinduliwa, karibu na bomba la maji. Na hapo ndipo lango lilipofunguliwa, wakaingia askari wawili kabla ya wakati waliopangiwa. Tajiri alikuwa amekwisha kuwapigia. Wakamketisha kijana, aliyekuwa ameitwa tangu asubuhi, kwenye benchi kivulini, mmoja kulia, mmoja kushoto. Mama Tanuri alikaza meno yasigongane. Zile buti. Zilikuwa ni buti zilezile. Hakuthubutu kumtazama mwanawe, akatazama tanuri.

Kazi ikaanza. Domokaya alikuwa mdomo wa kwanza, mbele kabisa. Akakomba majivu. Akachota, akatupia. Kokoto: tiki! ndani ya kopo. Akachota la pili, kokoto. Mama Tanuri alisikia kila tiki kama msumari. Mdomo wa pili wakakomba, karai, kokoto. Wa tatu, shoga yake, akakomba, akatupia, mkono ukataka kurudi kwenye karai, ukasita, ukaokota kokoto. Mkaguzi alisogea, lakini kokoto ilikuwa imekwisha kuingia.

Wakazunguka hivyo mara ya pili. Hakuna aliyekosea. Walikuwa wanachota polepole, kama watoto wanaoandika herufi za kwanza. Mama Tanuri alitamani kupiga kelele: si hivyo mnavyofanya kazi, wanafiki nyie, mnavyofanya kazi nakujua mimi! Lakini aliambiwa asiseme. Akauma ulimi.

Tajiri akageuka. "Umetosheka, binti?"

Mkaguzi alikuwa akitazama mkono wa huyu na wa yule. "Bado kidogo."

"Mimi nimetosheka," Tajiri akasema, na akawapungia askari.

Wakainuka. Mmoja akatoa pingu kiunoni. Kijana akainuka nao, mrefu kuliko wote wawili, akanyoosha mikono yake mbele kabla hajaambiwa. Ndivyo alivyokuwa baba yake. Naye alinyoosha kabla hajaambiwa. Mama Tanuri aliushika ukingo wa lile kreti kwa mikono miwili. Ilikuwa kama ndoto ile unayokimbizwa nawe huna miguu.

Kule kwenye tanuri mdomo wa kwanza ulikuwa umejaa majivu tena. Domokaya alikuwa anayakomba. Lakini macho yake hayakuwa kazini. Yalikuwa kwenye benchi, kwenye ile mikono miwili mirefu iliyonyooshwa, kwenye pingu inayofunguka. Kijana huyu alipokuwa mdogo, Domokaya alikuwa akimbeba mgongoni, naye mtoto akimwita "mjomba". Kinywa cha Domokaya kilikuwa wazi. Mikono yake, iliyoachwa peke yake, ilifanya ilichozoea. Ilichota karai. Ikatupia. Fuu! Ikachota la pili, ikatupia. Ikaokota kokoto. Tiki.

"Simama hapo," mkaguzi akasema.

Domokaya akaruka kama aliyemwagiwa maji.

"Umetupia makarai mangapi?"

"Moja."

"Nimeona mawili."

"Moja, binti. Tazama kopo."

"Nimetazama karai, sijatazama kopo. La kwanza umelitupia, hukulitia kokoto."

"Lipi?" Na hakuwa anadanganya, maskini ya Mungu, alikuwa anauliza kweli. Alitazama mdomo wa tanuri, akatazama karai, paji la uso limekunjamana. "Aa, hilo? Hilo si karai, binti, hilo ni la kusu..."

Akajisikia mwenyewe, akakatisha.

Tanuri peke yake lilikuwa linanguruma. Domokaya aliweka karai chini taratibu, akajifuta uso kwa kiganja cheusi, akaacha mistari.

"La kusukutua," akamalizia. "Basi. Nimechoka. Lipo. Ndivyo tunavyofanya siku zote. Mfungueni huyo mtoto."

Mama wa mdomo wa tatu akaanza kulia. "Kila tukikomba majivu," akasema. "Kila tukikomba. Tulidhani si kitu."

Mkaguzi hakushangilia wala hakugomba. Aliwaomba wafanye kazi kama siku zote, bila kumwogopa, na akakaa anahesabu mwenyewe mpaka jua likapinda. Alipomaliza alimwambia Tajiri kwa upole kwamba yaliyopotea na ya kusukutua yanakaribiana vya kutosha. Ghala halikuibiwa. Lakini tamko haliwezi kusimama kama lilivyo, lazima lihesabiwe upya, na wanunuzi waambiwe.

"Na makontena yangu yaliyoko bandarini?"

"Yatangoja."

"Halafu?"

"Halafu mnunuzi ataamua. Wako watakaokubali moshi mkubwa ulio wa kweli. Wako watakaokataa. Sitakudanganya, sijui."

Tajiri alikaa chini pale pale, juu ya karai lililopinduliwa, na suruali yake nzuri. Akamtazama Mama Tanuri kwa muda mrefu. "Umeniua," akasema.

"Sijakuua, Tajiri," akamjibu, na kichwa hakukiinamisha. "Kama ni kuua, tumeuana wote, na mimi ndiye niliyeshika karai. Lakini mtoto wangu sikupi."

Pingu zilikuwa zimekwisha kurudi kiunoni. Askari waliondoka wakilalamika juu ya safari ya bure. Hakuna aliyemwomba kijana radhi; Tajiri alimtupia funguo tu bila kumtazama. Na Mama Tanuri alipopita katikati ya wenzake kwenda kuchukua kitambaa chake, hakuna aliyemwamkia. Shoga yake alijifanya anatafuta kitu chini. Domokaya peke yake ndiye aliyefungua kinywa. "Dada," akasema, "Mungu akitujalia tukipata kula kesho kutwa, nitakuomba msamaha. Leo sina nguvu."

Mama na mwana wakatoka langoni. Barabara ilikuwa ya vumbi, jua kali bado. Kijana alitembea mbele kidogo, halafu akapunguza mwendo.

"Mama. Jana uliponiuliza kama nimeiba. Ulikuwa unauliza, au ulikuwa umekwisha kuamua?"

Angeweza kumdanganya. Mtoto angependa kudanganywa. Lakini alikuwa amemaliza siku nzima akiutapika ukweli, na tumbo halikuwa na kingine.

"Nilidhani umeiba," akasema.

Kijana akatembea. Akapiga jiwe teke, likabingirika mtaroni. Baadaye akasema, "Hata mimi. Ilifika mahali nikaanza kujidhania. Nikajiuliza, au nilipakia lori usingizini nikasahau?"

Mama Tanuri akacheka. Kicheko kilimtoka kibaya, kikavu, na kilipokwisha kikageuka kuwa kutetemeka, mabega yote, mpaka ilibidi asimame. Kijana akasimama naye, akatazama upande mwingine, maana alijua mama yake hapendi kutazamwa akiwa hivyo.

"Kesho utakwenda kazini?"

"Nitakwenda."

"Wakikufukuza?"

"Wanifukuze nikiwa langoni, si nikiwa kitandani." Akajifuta uso. "Na huyo binti wa kuku, una haya ya nini kunionyesha? Ana mdomo mmoja au minne?"

Kijana akatabasamu kidogo. Wakaendelea. Mama Tanuri alimshika mwanawe mkono wa shati, mtu mzima na urefu wake, watu wanaona, na hakuuachia. Kila gari lililopunguza mwendo nyuma yao lilimkaza vidole.